Kiolezo kipi kwa zeolaiti ipi? TPA, TEA, adamantani, amini nyepesi, au bila kiolezo kabisa

Kutengeneza zeolaiti, yaani fuwele za silikoni, alumini na oksijeni zenye matundu ya ukubwa wa molekuli, kunafanana kila mara: chanzo cha silika, chanzo cha alumini, maji, besi, chombo cha chuma chenye kikombe cha Tefloni ndani yake, na oveni. Kinachobadilika, na mara nyingi ndicho kinachokula bajeti, ni molekuli ya kikaboni unayoitia kwenye jeli ili fuwele zijengeke kuizunguka. Hicho ndicho kiolezo. Wengi hukichagua kwa jina la zeolaiti: nataka ZSM-5, basi naagiza TPA (tetrapropilamoniamu), nataka beta, basi TEA (tetraethilamoniamu). Utapata zeolaiti, sawa, ila huenda ukalipia kitu usichokihitaji, au ukapata muundo sahihi wenye alumini isiyokutosha. Kwa maoni yangu, swali la kwanza liwe ni kiasi gani cha alumini unataka kibaki kwenye fuwele, la pili ukubwa wa tundu, na jina la molekuli lifuate baada ya hapo.

Chaji kwanza, umbo baadaye

Zeolaiti za mwanzo za maabara, kama A na X za Robert Milton wa Union Carbide, zilitengenezwa kwa sodiamu bila kiungo chochote cha kikaboni. Mwaka 1961 Barrer na Denny walionyesha kuwa ioni ya tetramethilamoniamu inaweza kuchukua nafasi ya sodiamu, na tangu hapo ikaonekana kuwa ioni za kikaboni huleta fuwele zenye silika nyingi zaidi. Sababu yake ni hesabu tupu. Kila atomi ya alumini inayoingia kwenye kiunzi, yaani kuta za fuwele, huacha chaji hasi moja, na chaji hiyo lazima isawazishwe na ioni chanya. Sodiamu ni ndogo, hivyo ioni kadhaa hukaa ndani ya nafasi moja na alumini nyingi huingia. Ioni ya kikaboni ni nene. Inajaza nafasi yote na kuleta chaji moja tu.

Chukua MFI, muundo wa ZSM-5. Seli moja ya msingi, kipande kinachojirudia kwenye fuwele nzima, ina atomi 96, silikoni na alumini kwa pamoja, na ina makutano manne ya mifereji. Kwenye kila makutano hukaa ioni moja ya tetrapropilamoniamu, yaani TPA. Bila sodiamu, chaji nne zinasawazisha alumini nne, silikoni zinabaki 92, na uwiano wa silikoni kwa alumini, Si/Al, unakuwa 23. Ukitaka 12, TPA peke yake haikufikishi hata ukiongeza alumini kwenye jeli. Itabidi sodiamu iingie kusaidia. Kwenye CHA, muundo wa SSZ-13, kuna kizimba kimoja kwa kila atomi 12 na kiolezo kimoja kwa kila kizimba, hivyo uwiano unatua kwenye 11. Ukitaka alumini chache kuliko hapo, chaji ya kiolezo inabaki bila mwenzake, na fuwele hujisawazisha kwa kuacha viungo vya silika vilivyokatika, au kwa kupokea floridi kama uliitia.

Hesabu hii huchukua dakika chache kwenye karatasi na huondoa nusu ya machaguo kabla hujafungua chupa.

Kuhusu umbo, usitegemee sana picha ya molekuli inayokaa ndani ya fuwele kama mguu ndani ya kiatu. Mwaka 1992 Mark Davis na Raul Lobo waligawa kazi za molekuli hizi katika mafungu matatu, na mgawanyo wao bado unafaa. Fungu la kwanza ni la molekuli ambayo umbo lake linaonekana hasa kwenye kuta za fuwele, nayo haipati hata nafasi ya kujizungusha. Mfano unaotajwa siku zote ni ZSM-18 na ioni yake ya pembe tatu yenye nitrojeni tatu. La pili ni la molekuli inayoielekeza jeli kwenye muundo fulani bila kulingana nao kikamilifu. La tatu ni la vijazio, vinavyozuia maji yasikae kwenye tundu na kuifanya fuwele iwe tulivu zaidi. Karibu kila kitu utakachokuta sokoni kiko fungu la pili au la tatu. Ndiyo maana ZSM-5 imepatikana kwa molekuli nyingi tofauti kabisa, na ndiyo maana tetraethilamoniamu ileile, TEA, inaweza kukupa beta, ZSM-12 au mordenaiti kulingana na alumini, sodiamu, joto na muda.

Kipimo kingine cha haraka: gawanya idadi ya kaboni kwa idadi ya nitrojeni zenye chaji. Kubota, Zones, Davis na wenzao walionyesha mwaka 1996 kuwa kwa zeolaiti za silika nyingi, ioni zenye uwiano wa takriban 11 hadi 15 ndizo zinazofanya kazi vizuri zaidi. Zikiwa na kaboni chache mno hupenda maji kuliko silika. Zikiwa na nyingi mno haziyeyuki vizuri. TPA ina 12. Ioni ya adamantani, kiolezo cha SSZ-13, ina 13. TEA ina 8 tu, na bado beta inatoka, kwa hiyo usikifanye kipimo hiki kuwa sheria.

Usipohitaji kiolezo

Zeolaiti A, X na Y hazihitaji kiolezo. Mordenaiti ya kawaida pia haihitaji. Kama kazi yako ni kubadilisha ioni, kukausha gesi au kulainisha maji, alumini nyingi ndiyo unayoitaka, na sodiamu inakupa bila gharama ya ziada na bila kuchoma chochote baadaye. Hapa hakuna la kulinganisha, tuendelee.

Ulinganisho wa kweli unaanza pale muundo unapoweza kutoka kwa njia zote mbili. ZSM-5 bila kiolezo inawezekana. Grose na Flanigen walikuwa na hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shida ni wembamba wa njia. Alumini ikizidi kidogo, mordenaiti inaingia. Muda ukizidi, kwazi inaanza kuota. Silika ikizidi, unaweza kukuta magadiiti au kenyaiti, silikati za tabaka ambazo zilitambuliwa kwanza kwenye Ziwa Magadi, Kenya. Kiwanda kinachorudia jeli ileile kila siku, kwa malighafi ileile, kinaweza kuishi ndani ya njia nyembamba namna hiyo. Maabara inayobadilisha chanzo cha silika kila muhula itahangaika.

Mbegu, yaani fuwele kidogo za zeolaiti ileile zinazotiwa kwenye jeli mwanzoni, hupanua njia hiyo. Mwaka 2008 kundi la Feng-Shou Xiao lilionyesha kuwa beta, ambayo kwa miaka zaidi ya arobaini ilihesabiwa kuwa haipatikani bila TEA, hutoka ukitia mbegu za beta iliyokwisha kuchomwa kwenye jeli yenye sodiamu tu. Kinachopatikana kina alumini nyingi kuliko beta ya TEA, jambo zuri kwa wanaotafuta nafasi nyingi za asidi au za kushikilia metali. Lakini sehemu kubwa ya silika hubaki kwenye maji ya besi bila kuwa fuwele, hivyo akiba ya kiolezo huliwa kwa kiasi fulani na silika inayopotea. Tena mbegu zenyewe zinatoka wapi? Awali zilitoka kwenye beta ya TEA. Ni akiba ya kweli, ila si ukombozi kamili kama vichwa vya makala vinavyotangaza.

ZSM-5: TPA gani, au nini badala yake

TPA ndiyo iliyomo kwenye hataza ya ZSM-5 ya Argauer na Landolt wa Mobil, ya mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo yenye kusamehe makosa. Ukikosea maji kidogo au joto kidogo, bado unapata MFI. Swali linalobaki ni kama ununue haidroksidi au bromidi.

Haidroksidi ni besi na kiolezo kwenye chupa moja. Haileti sodiamu ya makusudi, ingawa soma lebo, kwani chupa nyingine zina sodiamu na potasiamu kama uchafu wa kutosha kuharibu hesabu yako. Ukiichanganya na tetraethili othosilikati, chanzo cha silika cha kioevu, mwanzoni unaona tabaka mbili za kioevu zisizopatana. Unakoroga, kichupa kinapata joto kidogo, harufu ya ethanoli inatoka, na baada ya muda kila kitu kinakuwa maji maangavu bila chembe hata moja. Mchanganyiko huo ukiwekwa kwenye nyuzi karibu 100 hutoa fuwele zilizo chini ya nanomita 100, saizi inayopendwa na watu wa utando na wa mipako.

Sasa tazama bei ya uangavu huo. Mchanganyiko unaorudiwa sana kwa chembe hizo una TPA 9 kwa kila silika 25. Kwa silika 96 hiyo ni TPA zaidi ya 34, na fuwele inaweza kupokea nne. Hata silika yote ikigeuka fuwele, takriban sehemu tisa kati ya kumi za kiolezo ulicholipia hubaki kwenye maji.

Bromidi ni chumvi kavu, ni rahisi kupima na kuhifadhi, na besi inatoka kwa haidroksidi ya sodiamu. Kiolezo kinachohitajika hasa ni kile cha kujaza makutano, yaani nne kwa 96, na watu huongeza kidogo juu yake. Fuwele zinakuwa kubwa zaidi, mara nyingi za maikromita. Sodiamu inayobaki lazima iondolewe kwa kubadilishana na chumvi ya amoniamu kisha kuchomwa, ndipo asidi ipatikane. Kwa kichocheo cha kawaida, mimi ningechukua bromidi bila kufikiri mara mbili. Haidroksidi ningeiacha kwa chembe ndogo sana na kwa pale ambapo sodiamu haitakiwi hata kidogo.

Amini nyepesi kama n-butilamini huleta ZSM-5 pia, kwa gharama ndogo. Kumbuka tu kwamba inachemka kwenye nyuzi 78, inashika moto haraka, na kwenye chombo kilichofungwa itaongeza shinikizo juu ya lile la maji. Usijaze chombo zaidi ya theluthi mbili. Harufu yake hukaa kwenye Tefloni na kwenye mavazi.

Mwisho kuna violezo vya anasa. Mwaka 2009 kundi la Ryong Ryoo huko Korea Kusini lilitumia molekuli yenye nitrojeni mbili zenye chaji na mkia wa kaboni 22: kichwa kinajenga MFI, mkia unazuia fuwele isinenepe. Walipata karatasi za zeolaiti zenye unene wa nanomita 2 hivi. Kwa molekuli kubwa zinazoshindwa kupenya ndani ya fuwele nene, na kwa kazi ambazo kichocheo huziba kwa masizi mapema, tofauti ni kubwa. Lakini molekuli hiyo utaisanisi mwenyewe au utaiagiza kwa bei ya kuumiza, na hujaanza hata kupika jeli. Kabla ya kwenda huko, jaribu chembe za nanomita 100 za TPA uone kama tatizo lako kweli ni umbali wa kupenya.

Beta: TEA na udhaifu wake

Beta ilitoka Mobil mwaka 1967, kwa TEA. Tundu lake ni la pete ya atomi 12, karibu nanomita 0.66, pana kuliko 0.55 hivi ya ZSM-5. TEA ni rahisi kupatikana na molekuli yenyewe haina utata, ila ina udhaifu mmoja wa kikemia: kwenye besi na joto hujivunja kwa mmenyuko wa Hofmann, ikiacha trietilamini, ethilini na maji. Ukifungua chombo ukapigwa na harufu kama ya samaki waliochacha, sehemu ya kiolezo imekwenda. Kwa hiyo beta hupikwa kwenye joto la wastani, mara nyingi nyuzi 140 hadi 150, na kwa subira, badala ya kusukumwa hadi 180 ili imalizike mapema. TEA ikipungua, mordenaiti hupata nafasi yake kama kuna alumini na sodiamu za kutosha.

Kati ya TEA na mbegu bila TEA, chagua kwa alumini. Kwa beta ya Si/Al ya 12 na kwenda juu, TEA. Kwa beta yenye alumini nyingi zaidi, mbegu. Kwa beta ya silika tupu isiyopenda maji, TEA pamoja na floridi, ambayo nitaifikia.

SSZ-13: pale kiolezo kilipogeuka suala la biashara

Hapa ndipo ulinganisho una uzito mkubwa zaidi, kwa sababu zeolaiti hii imo kwenye mifumo ya moshi ya magari ya dizeli. SSZ-13 yenye shaba hutumia amonia kugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni na maji. Mlango wake ni wa pete ya atomi 8, nanomita 0.38, na inavumilia mvuke wa moto kuliko ZSM-5 yenye shaba au beta yenye shaba. Stacey Zones wa Chevron aliipata kwa ioni ya trimethili-adamantilamoniamu, katika hataza ya mwaka 1985.

Kiolezo hicho kina sifa nzuri kuliko vyote nilivyotaja. Ni kigumu, cha mviringo, kinajaza kizimba cha CHA karibu chote. Mmenyuko wa Hofmann haukigusi kwa urahisi, kwani ili kivunjike ingebidi kifungo maradufu kiundwe kwenye kona ya kizimba cha adamantani, mahali ambapo kaboni haikubali kupindwa namna hiyo. Unaweza kupika kwa nyuzi 160 au zaidi bila hofu. Tena huipata Si/Al ya 11 na kuendelea, eneo lenye uvumilivu mzuri wa mvuke.

Kasoro ni bei. Malighafi yake ni adamantilamini, ileile inayotumiwa kama dawa kwa jina la amantadini. Inaongezewa methili, kisha chumvi inageuzwa kuwa haidroksidi. Halafu unaichoma yote. Kizimba kimoja cha atomi 12 kina silika ya uzito wa takriban 721 na kiolezo cha 194, hivyo zaidi ya asilimia 20 ya unga unaoutoa kwenye chombo ni kiolezo kinachosubiri tanuri. Kwa MFI na TPA ni karibu asilimia 11. Tofauti hiyo pekee inaeleza kwa nini watu wengi walitafuta njia nyingine kwa SSZ-13 kuliko kwa ZSM-5.

Njia ya kwanza mbadala ni shaba na tetraethilinipentamini. Amini hii ina nitrojeni tano zinazoishika shaba, na mchanganyiko wake ndio unaokaa ndani ya kizimba. Kundi la Xiao lililitangaza hilo mwaka 2011. Mvuto uko wazi: kiolezo cha bei nafuu, na shaba inaingia tayari, bila hatua ya kubadilisha ioni. Ila unapata shaba nyingi kupita kiasi, na alumini nyingi pia, hivyo uvumilivu wa mvuke unashuka. Watu huishia kuiosha shaba ya ziada, na urahisi ule wa hatua moja unapungua. Kwa utafiti wa joto la chini ni njia nzuri. Kwa kifaa cha kukaa karibu na injini kwa miaka, ningekuwa na shaka.

Njia ya pili ni kolini kloridi, ya bei ndogo na salama kuishika. Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi: kutumia zeolaiti Y kama chanzo cha silika na alumini, pamoja na TEA. Kundi la Moliner na Corma huko Valencia lilionyesha mwaka 2015 kuwa Y yenye silika nyingi hugeuka CHA kwa TEA, ingawa kutoka jeli ya kawaida TEA hukimbilia beta. Y na CHA zina kipande cha pamoja, pete mbili za atomi 6 zilizobebana, na maelezo yanayopendwa ni kwamba vipande hivyo huhama vikiwa vizima au nusu vizima. Unanunua zeolaiti ili utengeneze zeolaiti, jambo linaloonekana la kijinga mpaka ulinganishe bei ya Y na ya adamantani.

Watu wengine huchanganya SSZ-13 na SAPO-34 kwa kuwa muundo ni mmoja. SAPO-34 ina fosforasi, hutengenezwa kwa TEA au mofolini, na ndiyo maarufu kwa kugeuza methanoli kuwa olefini, kama ethilini. Ukishaichoma, unyevu wa hewani hata kwa joto la kawaida huiharibu polepole. Iache na kiolezo chake ndani mpaka siku ya kuitumia.

Besi au floridi

Njia ya floridi hubadilisha maana ya kiolezo. Kwenye besi, chaji ya kiolezo katika fuwele ya silika tupu husawazishwa na viungo vilivyokatika, na kila kimoja ni mahali pa maji kushika. Kwenye floridi, ioni ya floridi huingia ndani ya vizimba vidogo na kusawazisha chaji, na viungo vinabaki vizima. Kundi la Guth na Kessler huko Ufaransa lilikuza njia hii miaka ya 1980, na Camblor na Corma wakaitumia kupata beta ya silika tupu na miundo mingi mipya. Jeli inakuwa nzito mno, wakati mwingine karibu unga mkavu, fuwele zinakuwa kubwa, na unga unaopatikana haupendi maji.

Kwa kutenganisha vitu vya kikaboni ndani ya maji, floridi inashinda bila ubishi. Kwa kichocheo cha kawaida cha asidi haina faida ya kutosha kufidia hatari. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi na kufuata kalisi mwilini. Jeli ya kalisi glukoneti iwe mezani kabla ya chupa kufunguliwa, na vyombo vya kioo viondoke. Baadhi ya maabara hutumia amoniamu floridi badala yake, ambayo ni rahisi zaidi kuishika ingawa nayo ni sumu.

Kukitoa

Kiolezo kilichojaza mifereji lazima kitoke. Kwa kawaida ni tanuri, nyuzi 550 hivi, hewa ikipita, na joto likipanda polepole, nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Tandaza unga uwe mwembamba. Ukiufunika mnene, juu utakuwa mweupe na ndani kijivu, na huo ujivu ni masizi yaliyoziba matundu uliyoyalipia. Unga wa SSZ-13, wenye kiolezo kingi, hupita kwenye kahawia na weusi kabla ya kurudi weupe.

Kuna njia za upole. Ozoni huchoma kwa joto la chini na inafaa kwa utando, ambao hupasuka ukipashwa joto haraka. Mwaka 2003 Lee, Zones na Davis walitengeneza kiolezo chenye kiungo cha ketali: asidi inakikata vipande ndani ya tundu, vipande vinatoka, na vinaweza kuunganishwa tena. Ni wazo zuri sana, na sijaona likigeuka desturi, pengine kwa sababu ketali huwekea mipaka miundo unayoweza kuipata. Kwa zeolaiti za tabaka kama MCM-22, inayotokana na heksamethilinimini, usichome haraka kama unapanga kutenganisha tabaka: zikishachomwa hushikamana moja kwa moja.

Kompyuta inakusaidia kiasi gani

Tangu programu ya ZEBEDDE ya mwaka 1996, iliyojenga molekuli ndani ya tundu kipande kwa kipande, hadi kazi ya Schwalbe-Koda, Gómez-Bombarelli, Moliner na wenzao ya mwaka 2021, hesabu za nishati kati ya molekuli na kiunzi zimekuwa za haraka na za kuaminika zaidi. Zitumie kukataa kuliko kukubali. Molekuli isiyotosha kwenye kizimba haitatosha maabara pia. Ile inayotosha bado inaweza kuvunjika kwenye besi, ikakataa kuyeyuka, au ikaongoza jeli kwenye muundo mwingine wenye tundu linalofanana. Kwa mtu anayechagua kati ya violezo vinavyojulikana, hesabu hizi husaidia hasa kuona ni muundo gani mshindani utakaokusumbua.

Ningechagua hivi

Kwa ZSM-5 ya Si/Al kati ya 20 na 50, bromidi ya TPA na sodiamu kidogo. Kwa ZSM-5 ya kiwandani yenye alumini nyingi na malighafi isiyobadilika, mbegu bila kiolezo. Kwa beta, TEA kwa joto la wastani, isipokuwa alumini nyingi ndiyo lengo. Kwa SSZ-13, ningeanza na adamantani mara moja ili nipate sampuli ya kulinganishia, kisha nijaribu Y na TEA kwa uzito wa kweli. Shaba na tetraethilinipentamini ningeiweka ya tatu.

Chochote utakachochagua, hakikisha molekuli iliyomo kwenye fuwele bado ni ile uliyoitia. Mizani ya joto itakuambia uzito uliopotea: asilimia 11 kwa MFI yenye TPA ni ishara nzuri, asilimia 6 ni ishara kuwa kuna maji au vipande mahali pa kiolezo. NMR ya kaboni 13, kipimo cha sumaku kinachoonyesha mazingira ya kila kaboni, kwa unga mkavu husema zaidi. Kwa TPA ndani ya MFI, alama ya methili hugawanyika mara mbili, kwa kuwa mikono ya propili huingia kwenye mifereji iliyonyooka na ile ya msokoto, na kaboni za mwisho huona mazingira mawili tofauti.

Tetramethilamoniamu nimeitaja kwa historia tu, na sipendi kuiona mikononi mwa mgeni. Haidroksidi yake iliyokolea imeua wafanyakazi kupitia ngozi, kwa sababu ioni hiyo huvuruga neva zinazoendesha misuli ya kupumua. Glavu nene, koti refu, na asiwepo mtu anayefanya kazi peke yake.

Maji yanayobaki baada ya kuchuja yana besi, silika iliyoyeyuka na kiolezo ambacho hakikutumika. Kwa jeli za haidroksidi ya TPA, rudisha sehemu yake kwenye jeli inayofuata ukipima upya besi na silika. Yatakayobaki usiyamiminie asidi kwa pupa ili kuyasawazisha: silika huganda ghafla kuwa jeli nzito, na kijiti cha kukorogea kitakwama ndani yake.